Risala ya Idara ya Uhandisi wa Vifaa Tiba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wafadhili

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wanafunzi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tumeelezwa kwamba una hafla nyingine mchana huu, hivyo historia tutaipitia mbio mbio: idara ilianza kama somo moja ndani ya uhandisi wa umeme, ikapata wahadhiri wake, ikapata karakana, na leo inatoa shahada.

Mafanikio ni makubwa mno. Karakana imepakwa rangi. Kila mashine ina namba na ukurasa wake kwenye daftari la vifaa, zikiwemo zisizowaka. Mashine ya kufyonza majimaji iliyokuwa imekufa imefufuliwa kwa kubadilishiwa kiwambo cha mpira kilichopasuka. Klabu ya ufundi ya wanafunzi ina mwenyekiti, katibu na muhuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, changamoto hazikosekani. Tutataja moja tu, isije ikapotea katikati ya nyingine. Idara haina kifaa cha kupima usalama wa umeme wa vifaa tiba.

Mwanafunzi wetu anaweza kufungua monita ya mgonjwa, akabadilisha betri na kapasita zilizovimba, ikawaka. Lakini hatuwezi kuthibitisha kwamba ni salama kumfungia mgonjwa mpaka upimwe mkondo unaovuja, yaani umeme kidogo unaotoroka kwenye mashine na unaoweza kumpitia mgonjwa. Maltimita ya kawaida haifai kwa kazi hiyo. Mkondo lazima upite kwenye saketi inayoiga mwili wa binadamu, yenye ukinzani wa takriban omu 1,000, kisha kipimo kirudiwe waya wa ethi (wa ardhini) ukiwa umekatwa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) ikiwa imekatwa, na laini (waya wa kuleta umeme) na nyutro zikiwa zimebadilishana. Kwa sehemu inayogusa moyo moja kwa moja, kiwango cha juu ni maikroampea (sehemu ya milioni ya ampea) 10 mashine ikiwa nzima, na 50 ikiwa na hitilafu moja. Mkondo huo ukipita mkononi mtu hausikii. Ukizidi, na ukapitia waya ulioingizwa moyoni, unaweza kuvuruga mapigo. Kifaa tunachokililia hufanya vipimo vyote hivyo kwa dakika chache; sisi tunavichora ubaoni.

Kwa pampu za dripu tunajikongoja na mizani: gramu moja ya maji ni mililita moja, na pampu nyingi zinatakiwa zisipotoke zaidi ya asilimia 5. Kwa mililita 1 kwa saa, maji yanayokauka kwenye chombo yanatosha kuharibu hesabu, ndiyo maana mnaona mafuta mepesi yakielea juu ya maji katika bika zetu. Ubunifu huo tunaweza kuuendeleza. Wa kubuni mkondo unaovuja hatuna.

Wafadhili hawajatusahau, nasi tunawashukuru kwa moyo mkunjufu. Tuliwahi kuletewa mashine za kuchuja oksijeni hewani, zote za volti 110 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Transfoma ilishusha volti 230, lakini hezi haziguswi na transfoma; zilibaki 50. Mota ya kompresa ikazunguka kwa kasi iliyopungua kwa karibu asilimia 17, ikachemka, na msongo haukutosha. Zeolaiti, zile punje zinazonasa nitrojeni ya hewani, nayo ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuzibwa, ikanyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa hivyo haichuji tena nitrojeni ipasavyo. Mashine ya aina hiyo hutarajiwa kutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Za kwetu zinazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na kazi hiyo zinaifanya vizuri.

Hayo si yetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi zenye rasilimali chache vilikuwa havifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2000 kuhusu michango ya vifaa vya afya, lilisema wazi kwamba kusiwe na viwango viwili vya ubora, kimoja cha mtoaji na kingine cha mpokeaji.

Ndugu Mgeni Rasmi, mgeni rasmi aliyekutangulia, akiwa kwenye jukwaa hili hili, aliahidi kifaa cha kupimia “ndani ya muda si mrefu”. Tulipiga makofi, tukatenga meza, tukavuta soketi mpya yenye ethi. Meza ipo, soketi ipo. Hatumlaumu, huenda muda si mrefu bado haujaisha.

Kwa unyenyekevu tunaomba vifaa viwili, si kimoja, kwa sababu kila mwaka kimoja kitapelekwa kufanyiwa kalibresheni, yaani kuhakikiwa usahihi wa vipimo vyake, na kikiwa safarini mafunzo yasisimame. Vije na nyaya zake zote, adapta za elektrodi za moyo, na mwongozo wa ufundi, siyo wa mtumiaji pekee. Pia tunaomba fungu la kalibresheni la miaka mitano, likiwemo la usafirishaji, maana kifaa cha kupimia ambacho hakijapimwa hutoa namba nzuri zisizoaminika. Na yeyote atakayependa kuchangia mashine nyingine, atutumie kwanza modeli, mwaka, volti, hezi na nenosiri la fundi, kabla ya kupakia konteina.

Hundi ya kadibodi ya kupigia picha tutaipokea pia, mradi ije na ile ndogo.

Hati ya ahadi imeandaliwa, ina nafasi ya sahihi na ya tarehe. Katibu wa klabu amekaa upande wako wa kulia akiwa na kalamu na muhuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.