Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Metali na Salfa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kemia, wazee wetu wa taaluma, walimu wenzangu wa sekondari kutoka wilaya zote tano za mkoa huu, na nyinyi vijana wa chuo kikuu cha Mlimani mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna safari: nawashukuru kwa kufika. Nawashukuru zaidi waliofika saa tatu asubuhi, saa iliyoandikwa kwenye barua.

Shughuli za kawaida nitazipita haraka kwa kuwa mnazifahamu. Mikutano ya robo mwaka ilifanyika yote minne. Tulikwenda kwenye shule za kata kuonyesha majaribio, wanafunzi walifurahi. Waliofiwa walipelekewa rambirambi. Jarida letu la ndani halijatoka. Katibu ataeleza, mimi makala yangu niliikabidhi mapema.

Sasa nije kwenye lile lililozua maneno, yaani uamuzi wa kuutenga mwaka mzima, pamoja na sehemu kubwa ya akiba yetu, kwa ajili ya utafiti wa kompleksi za metali na salfa, yaani kampaundi ambazo atomu ya metali imeshikwa na atomu za salfa zinazoizunguka. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Wapo waliosema mwenyekiti ameleta tasnifu yake chamani. Wapo waliotaka tufundishane kutengeneza sabuni ya maji na dawa za chooni, tuuze, chama kipate fedha. Mwanachama mmoja aliandika usiku wa manane kwamba salfa ni ya viberiti na upele. Sikumjibu, maana si hadhi ya kiti hiki kujibizana usiku. Namjibu leo, na naomba jibu liingie kwenye kumbukumbu.

Kwanza utaratibu. Uamuzi ulipitishwa kwenye mkutano wa robo ya kwanza, tukiwa 17. Waliounga mkono 12, waliopinga 3, wawili walinyamaza. Katiba inasema akidi ni theluthi moja ya wanachama hai, na mwanachama hai ni aliyelipa ada. Siku ile waliokuwa wamelipa ni 21. Fanyeni hesabu wenyewe, sote hapa ni watu wa sayansi. Waliolalamika baadaye wengi wao hawakuwapo ukumbini, na wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Pili, maudhui. Mliokuja na daladala au bajaji mmebebwa na kompleksi hizo. Ndani ya oili ya injini kuna kampaundi ambayo atomu yake ya zinki imeshikwa na salfa nne zinazotoka kwenye ligandi mbili (molekuli zinazoishika metali) za dithiofosfeti, kemikali ya fosforasi na salfa. Ilianza kutumika kwenye oili miaka ya 1940. Joto na msuguano vinapoivunja, hujenga utando mwembamba wa fosfeti juu ya chuma, na utando huo ndio unaoliwa badala ya injini yenyewe. Tairi nalo: mpira hauvulkanishwi (yaani haukazwi) kwa salfa peke yake kwa haraka inayotakiwa kiwandani, huongezewa vichapuzi, na miongoni mwake zimo dithiokabameti za zinki, kompleksi nyingine za zinki na salfa. Nyanya mnazonunua Ilala huenda zilipuliziwa mankozebu, dawa ya kuua ukungu ambayo ni kompleksi ya manganisi na zinki yenye salfa, kuzuia ugonjwa wa bakajani chelewa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2020 kwa sababu ya afya ya binadamu. Mwalimu wa kemia wa Dar es Salaam asiyeweza kumweleza mkulima kilichomo ndani ya ule unga wa njano hana sababu ya kukimbilia sabuni.

Kwa nini metali hizi na salfa hupendana? Mwaka 1963 mwanakemia Ralph Pearson aliweka mambo sawa kwa kuzigawa asidi na besi katika ngumu (ndogo, zinazoshika elektroni zake kwa nguvu) na laini (kubwa, zinazozilegeza): ngumu hufuata ngumu, laini hufuata laini, na oksijeni ni ngumu ilhali salfa ni laini. Ndiyo maana alumini tunaichimba ikiwa na oksijeni, ilhali zebaki, risasi, zinki na shaba mara nyingi tunazikuta ardhini zikiwa na salfa. Ndiyo maana pia kwenye migodi inayotenga madini kwa kuyaelesha kwenye povu, kama Bulyanhulu, kemia ya salfa haikwepeki. Zanthati, kemikali yenye salfa inayotiwa kwenye maji hayo, hujishika kwa upande wake wa salfa kwenye chembe za madini, upande wa pili unayakimbia maji, chembe zinapanda juu na povu. Na mchimbaji mdogo anayevuta mvuke wa zebaki anadhurika kwa kanuni ileile, kwa kuwa zebaki huzifuata salfa za protini zake. Dimakaproli, dawa iliyotengenezwa Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya gesi ya sumu yenye aseniki, ina salfa mbili zinazoinyang'anya protini ile metali. Mada hii niliitoa mimi. Nilitoa mada tatu kati ya nne kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, na sikudai posho.

Lakini kilichonivutia hasa, na hapa naomba uvumilivu wenu, ni vishada vya chuma na salfa, yaani mafungu madogo ya atomu hizo zilizoshikamana. Mwaka 1962 watafiti waliokuwa wakichunguza bakteria wanaoishi bila oksijeni walitoa protini wakaiita feredoksini, ambayo kazi yake ni kupitisha elektroni. Ndani yake kuna chuma na salfa zilizojipanga. Mwaka 1972 mwanakemia Richard Holm na wenzake wakaonyesha kwamba kishada cha chuma nne na salfa nne kinaweza kuundwa kwenye chupa ya maabara, bila protini yoyote. Yaani kiungo kilichodhaniwa kuwa siri ya uhai kilijijenga chenyewe kutokana na chumvi ya chuma, salfaidi na thioli (kampaundi ya kaboni yenye salfa iliyoshika haidrojeni), mradi tu oksijeni ifungiwe nje. Vishada vya namna hiyo vimo ndani ya seli za kila mmoja wetu hapa, wakiwamo wadaiwa wa ada.

Kisha kuna naitrojenesi, kimeng'enya cha bakteria kinachogeuza naitrojeni kuwa amonia. Kiwandani, naitrojeni ya hewa hugeuzwa amonia kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na kwa mgandamizo mkubwa mno. Huko ndiko yurea ya mkulima inakoanzia. Bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya kunde hufanya kazi hiyohiyo kwenye udongo wa kawaida wa Chanika. Chombo chao ni kishada chenye chuma 7, molibdenamu 1 na salfa 9. Umbo lake lilianza kuonekana mwaka 1992. Mwaka 2002 ikagundulika kuna atomu moja katikati ambayo haikuwa imeonekana, na wanasayansi wakabishana miaka tisa kama ni naitrojeni, oksijeni au kaboni. Mwaka 2011 jibu likapatikana: ni kaboni. Miaka tisa kwa atomu moja! Sisi miezi tisa tu tumechoka.

Ndiyo sababu tulinunua mtungi wa agoni, gesi isiyoungana kikemia na vitu vingine. Bila gesi ya namna hiyo huwezi kukitengeneza kishada cha Holm, maana kikigusana na hewa kinaharibika. Na tulikitengeneza, kwenye maabara ya shule tuliyoazimwa, mbele ya wanachama wachache na wanafunzi wa kidato cha sita. Mchanganyiko ukawa mweusi kama ilivyotarajiwa, na kizibo kilipofunguliwa makusudi, wote wakaona rangi inavyopotea. Ule mtungi niliubeba mimi mwenyewe kwenye bajaji kutoka barabara ya Nyerere.

Kuhusu harufu, nimeshamwandikia barua mkuu wa shule. Thioli zinanuka, hilo halina ubishi. Hata gesi ya kupikia hutiwa thioli kusudi tuitambue ikivuja. Majirani walidhani mtungi wa gesi umepasuka, na kwa hakika pua zao zilifanya kazi sawasawa. Hakuna aliyeumia. Madirisha yalikuwa wazi, vyombo vilioshwa kwa jiki kabla ya kuondoka. Taarifa zilizosambaa kwamba shule ilifungwa siku mbili si za kweli, ilikuwa Jumamosi.

Hesabu ni hizi, na Mama Mtunza Hazina atagawa karatasi. Bakaa ya mwaka jana shilingi 2,180,000. Ada 1,450,000. Msaada wa mfadhili mmoja 300,000. Jumla 3,930,000. Matumizi: agoni, mtungi na regyuleta 940,000; kemikali 615,000; ukumbi na chai 780,000; uchapishaji 95,000; jumla 2,430,000. Imebaki 1,500,000. Mtaona wenyewe kwamba chai na ukumbi vimezidi kemikali, na chai hiyo mara nyingi ilibaki. Vitumbua vya robo ya tatu tuligawana na walinzi.

Hapo ndipo ninapoumia, ndugu zangu. Wanachama walioandikishwa ni 74. Waliolipa ada ya shilingi 50,000 ni 29. Tunadai 2,250,000, yaani kama kila mtu angetimiza wajibu wake, kelele za mtungi wa agoni zisingekuwapo na safari ya Bagamoyo ingefanyika. Mkutano wa robo ya tatu tulikuwa 11, akidi ikatimia kwa sababu tu wadaiwa hawahesabiwi. Nimeambiwa foleni, nimeambiwa mvua, nimeambiwa kusahihisha mitihani. Mimi pia nakaa Tabata na nasahihisha mitihani. Kuna mmoja ameniambia hana 50,000, siku hiyohiyo picha zake za kamati ya harusi zikiwa kwenye kundi. Simtaji.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuendelea na majaribio mepesi zaidi yasiyohitaji agoni, kwa mfano kupima shaba kwenye maji kwa rangi ya kahawia inayotoka ikikutana na dithiokabameti. Tunatumaini kuzungumza na wenzetu wa chuo kikuu kuhusu kutumia vyombo vyao. Kuna wazo la kijitabu cha Kiswahili kwa shule. Suala la sabuni nalo kamati italitazama wakati muafaka.

Uchaguzi ni baada ya chai. Wanaopiga kura ni waliolipa, na Mama Mtunza Hazina yupo mezani pale na kitabu cha risiti hadi saa tano. Mtungi uko kwangu, una gesi zaidi ya nusu. Atakayeuhitaji anijulishe wiki moja kabla, atie sahihi kwenye daftari, na usafiri ni juu yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam