Maandalizi ya tanuri la uhunzi, Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutaunda tanuri letu hapa Ngamiani. Dramu ya breki ya lori, ambayo ni chuma cha kusubu na hivyo hustahimili joto, itakuwa ndilo jiko lenyewe. Chini yake tutafunga bomba litakaloleta hewa kutoka kwenye feni ya hita ya gari, inayoendeshwa kwa betri ya volti 12. Dramu ioshwe kwa maji, wala isipulizwe, kwa kuwa vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu yakivutwa.

Kuhusu bomba naomba tuelewane: lisiwe lile la maji lililopakwa zinki, hata tukipewa bure, kwani zinki huchemka ikifika nyuzijoto 907 za Selsiasi na moshi wake huleta homa. Bomba jeusi la chuma linatosha.

Springi za gari zilizochoka ni chuma kizuri cha kufua mapanga, ila zipozwe kwenye oili, maana maji huweza kuzipasua. Kila mmoja alete mkaa kidogo. Wa vifuu pia unakubalika. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na kandambili zibaki nyumbani.