Malalamiko Kuhusu Mfululizo Wenu wa Waita Roho wa Marekani

Mkurugenzi wa Vipindi,

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPOTOSHWA KWA HISTORIA NA TANGAZO LISILOFAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari hapa Morogoro, na nalipia huduma yenu kila mwezi. Nalalamikia mfululizo wenu juu ya watu wa Marekani wa karne ya 19 waliodai kuongea na wafu. Kiswahili chake ni kizuri, msimulizi anaijua kazi yake, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliufuata hadi mwisho. Ndiyo maana kosa lililomo linaniuma. Sehemu ya kwanza inasema kwamba Wamarekani wa wakati ule waliamini wote, na kwamba shaka ililetwa na wanasayansi wa zama zetu. Huo ni uongo. Waliotilia shaka walikuwapo tangu mwanzo, tena wengine walikuwa watu wa kawaida waliolipa kiingilio wakataka kuoneshwa.

Mnaanza na Hydesville, jimbo la New York, Machi 1848, ambako Margaret na Kate Fox walisema kuna roho inayowajibu kwa milio ya kugonga. Hapo sina neno. Lakini mmeruka Rochester, Novemba 1849, mambo hayo yalipooneshwa kwa mara ya kwanza mbele ya umati katika ukumbi wa Corinthian. Watu hawakuridhika kukaa na kushangaa. Ziliundwa kamati za kumchunguza Margaret na dada yake mkubwa, Leah. Hazikugundua milio inatoka wapi, nanyi mngeweza kulisema hilo pia bila kupoteza mtazamaji hata mmoja.

Zaidi ya yote mmeiacha Buffalo, na hapo ndipo penye uhondo. Februari 1851 madaktari watatu wa chuo cha huko, Austin Flint akiwa mmoja wao, waliandika gazetini kwamba milio hiyo inatoka kwenye maungio ya magoti. Leah akataka wachunguzwe waziwazi, naye Margaret akawa pamoja naye. Madaktari wakawakalisha, wakawanyoosha miguu na kuweka visigino juu ya mito, ili mguu usipate pa kukaza. Wakasubiri. Kimya. Baadaye wakayashika magoti kwa mikono. Yakishikwa barabara, roho hazigongi. Nimewafanyia wanafunzi jaribio hilo kwa kiti na mto, na walielewa maana ya ushahidi kuliko kwa somo zima la ubaoni. Miezi miwili baada ya uchunguzi huo wa Buffalo, ndugu wa akina Fox kwa ndoa, Bi. Culver, alieleza kwamba Kate alimfundisha kutoa milio ile kwa kualisha vidole vya miguu.

Sehemu ya tatu inatuonesha picha za William Mumler, mpiga picha aliyedai kupiga picha za roho: mtu amekaa na nyuma yake mzuka mweupe, na muziki wa kutisha chini yake. Mnazionesha kama ushahidi. Hamsemi kwamba Mumler alishtakiwa kwa utapeli New York mwaka 1869. Hamsemi kwamba huko Boston, kabla ya kesi, baadhi ya hiyo "mizuka" ilitambuliwa kuwa ni sura za watu walio hai. P. T. Barnum, mwandaaji maarufu wa maonesho, alitoa ushahidi dhidi yake, na mpiga picha Abraham Bogardus akatengeneza kwa makusudi picha ya Barnum akiwa na mzuka wa Abraham Lincoln nyuma yake, ili mahakama ione kwamba kazi hiyo yafanyika bila maiti yeyote kuamka. Hakimu alimwachia Mumler kwa kukosa ushahidi wa kutosha, ingawa alidokeza kwamba huenda hila ilikuwapo. Kesi nzima hiyo, yenye kila kitu ambacho kipindi kinahitaji, haikupewa hata dakika moja.

Siwadharau walioamini. Mhariri Horace Greeley alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1849, na baadaye akamkaribisha Kate Fox nyumbani kwake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua zaidi ya watu laki sita, na wazazi wengi hawakuona hata kaburi. Mwenye msiba anastahili ukweli kuliko mtu mwingine yeyote. Henry Seybert, tajiri wa Philadelphia, mwenyewe alikuwa muumini, lakini aliacha fedha kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ili jambo hilo lichunguzwe. Ripoti ya 1887 ya tume iliyoundwa kwa kazi hiyo ilikuta udanganyifu.

Na mwishoni mmemnyamazisha Margaret Fox mwenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1888, katika ukumbi wa Academy of Music jijini New York, alivua kiatu, akaweka mguu kwenye kigoda kidogo cha mbao, na ukumbi ukaisikia milio. Madaktari walipanda jukwaani wakathibitisha kwamba inatoka kwenye kidole gumba cha mguu. Mwaka uliofuata aliyakana maungamo yake, akiwa maskini. Semeni yote mawili, mtazamaji apime.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa maudhui yanatoka nje, ninyi mnatafsiri tu. Sikubali. Tena tangazo lililofuata baada ya sehemu ya mwisho halikutoka nje: ni la mtu anayeahidi kukuunganisha na mzazi wako aliyefariki, malipo kwa simu kabla ya huduma. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyefiwa na mama yake, aliinakili namba ile kwenye daftari. Nilikaa naye muda mrefu siku hiyo. Tangazo hilo mmeliuza ninyi, na pesa yake mmeipokea ninyi.

Naomba sentensi ile ya sehemu ya kwanza irekebishwe na kurekodiwa upya. Picha za Mumler ziambatane na maelezo ya kesi ya 1869. Na ushahidi wa Buffalo na wa 1888 uongezwe. Tangazo liondolewe mara moja, si kwenye mfululizo huu pekee bali kwenye vipindi vyote vinavyotazamwa na watoto. Sidai kurudishiwa fedha. Nataka jibu la maandishi lenye jina na cheo cha atakayesimamia marekebisho haya, na tarehe yatakapokamilika. Nisipolipata ndani ya siku 21, nitaipeleka barua hii kwa mamlaka inayosimamia maudhui.

Wenu,

Mwalimu wa Historia na mteja wenu,
Morogoro