Barua kwa mwanangu kuhusu kiti cha Bonham

Mwanangu,

Kwanza salamu za nyumbani. Mamako mzima, nyanyako ule mguu umepoa kidogo na asema ukija usisahau ile dawa yake ya kuchua. Voisi yako ya dakika kumi na moja, ile mnayobishana ni bendi gani ya roki iliyo bora kuliko zote, niliisikiza yote jana usiku nje barazani, mpaka pale mwenzako anapiga kelele kwa nyuma ati Pink Floyd, Pink Floyd, na yule mwengine amekaza Beatles hataki kusikia mtu, na nikakusikia vile ulivyopandwa na hasira ukawaambia "babangu alikuwa mpiga drams, yeye ndo ataamua". Basi nimeona nikuandikie, manake nina maneno mengi na kwenye simu huwa yanipotea.

Umesema Queen. Na sababu uliyoitanguliza ni kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wao, ni mtu wa pwani. Kweli kabisa, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi waliotoka Gujarat, babake keshia kwenye serikali ya Waingereza, mtoto akapelekwa bodingi India na mwaka 1964 baada ya mapinduzi familia nzima ikahamia Uingereza. Mimi pia roho yangu hufurahi nikifikiria hilo, nisikudanganye. Lakini ukimleta Freddie kwenye mabishano mlete na koo lake, mlete na zile dakika ishirini za Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985 aliposhika uwanja mzima mkononi, usimlete na cheti cha kuzaliwa. Hao wenzako wakikwambia hiyo si hoja wako sawa.

Na hao wenzako nao wana hoja, usiwadharau. Huyo wa Pink Floyd albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, ilikaa kwenye chati ya Marekani wiki 741 mpaka 1988, hebu fikiria, mtoto azaliwe mpaka aanze sekondari albamu ingali pale. Huyo wa Beatles nae, wale vijana wa Liverpool waliingia studio tarehe 11 Februari 1963 asubuhi, wakatoka usiku wamerekodi nyimbo kumi, siku moja, na John Lennon ana mafua koo lamuuma. Mwaka uliofuata, Aprili 1964, nafasi tano za juu kwenye chati ya Billboard zote zilikuwa zao. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Ukipima kwa mauzo na kwa umaarufu Beatles washamaliza kesi, kila mtu arudi kwao akalale.

Ila mimi sipimi hivo. Mimi nimekaa nyuma ya drams miaka kumi na tisa kwenye bendi ya hoteli huko Diani, na mtu aliyekaa nyuma ya drams huiona bendi kutoka mgongoni, aona vitu ambavyo anayecheza mbele havioni. Kipimo changu ni kimoja. Mtoe mtu mmoja halafu sikiliza, kuna bendi bado au hakuna?

Ndo maana jibu langu ni Led Zeppelin. Najua hukutaka kusikia hilo, lakini ngoja nikueleze.

Wale walikuwa wanne tangu 1968 mpaka mwisho, Jimmy Page gitaa, Robert Plant kuimba, John Paul Jones besi na kinanda, na John Bonham drams. Hakuingia wa tano, hakutoka hata mmoja. Bonham alikuwa mtoto wa mjenzi kutoka Redditch, kabla ya muziki kumlipa alikuwa akifanya kazi za mjengo na babake, na ukimsikia wasikia mtu aliyezoea kubeba vitu vizito. Watu husema ati alipiga kwa nguvu. Nguvu kila mtu anazo. Shida ni ule mguu wa kulia, mwanangu, mguu mmoja pedali moja, na yatoka mapigo matatu matatu ya haraka ambayo wengine huhitaji pedali mbili, mimi nilijaribu mwaka mzima mpaka goti likavimba na nikaambulia nusu yake.

Chukua ule wimbo wa When the Levee Breaks, wa albamu yao ya nne, 1971. Walikodi jumba la zamani la kijijini linaitwa Headley Grange, drams wakaziweka chini ukumbini penye ngazi za ghorofa tatu, na fundi wao Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili huko juu ya ngazi. Hakuweka hata moja karibu na ngoma ya mguu. Yale unayoyasikia ni nyumba, ni ngazi na kuta zaitikia. Na Bonham apiga taratibu, hana haraka, anakuchelewesha kidogo tu kila pigo mpaka kifua chako kinamngojea.

Na wimbo wenyewe si wao, hili pia ujue manake mtu atakurushia. Ni wa Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, waimbaji wa blues, waliurekodi 1929, wazungumzia yale mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, na hapo jina la Memphis Minnie waliliweka. Lakini kuna kwengine hawakuweka. Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo za blues, alidai kuwa maneno yake yamechukuliwa bila jina lake, akawashtaki 1985 na 1987 wakamalizana nje ya mahakama. Hilo ni doa na mimi silifichi, watu weusi wa Mississippi na Chicago ndo waliozaa muziki huu wote na wengi wao walikufa na mkono mtupu. Wenzako wakikwambia hilo kubali, usitafute visingizio. Rolling Stones kwenye hilo waliwashinda, hata jina walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters bila kuficha, na 1965 wakiwa kwenye televisheni ya Marekani wakahakikisha Howlin' Wolf, mkongwe wa blues, nae apanda jukwaani. Hapo wana heshima yangu.

Sasa turudi kwenye kiti cha Bonham.

Bonham alikufa tarehe 25 Septemba 1980, umri miaka 32. Alikunywa vodka kutwa nzima wakiwa kwenye mazoezi ya safari ya Marekani, akalazwa nyumbani kwa Page na hakuamka. Pombe, mwanangu, hakuna namna nyengine ya kusema. Na wale watatu waliobaki safari ya Marekani ilikuwa ishapangwa, pesa ziko mezani, wapiga drams wazuri Uingereza nzima wangekimbia kwa miguu kuja kukaa pale. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo wakatoa taarifa fupi kuwa hawawezi kuendelea vile walivyokuwa. Basi. Wakafunga.

Angalia wengine. The Who walimpoteza mpiga drams wao Keith Moon Septemba 1978, nae pia alikuwa na miaka 32, kabla mwaka haujaisha wakamchukua Kenney Jones. AC/DC walifiwa na mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980 na Julai wakatoa albamu na mwimbaji mwengine, tena ikauza kupita zote walizowahi kutoa. Pink Floyd walifika mpaka kwa mawakili kugombania jina. Queen, hao unaowapenda, Freddie alikufa Novemba 1991, John Deacon wa besi nae akajitoa baadae, na Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa drams wakaendelea kupanda jukwaani kwa jina la Queen pamoja na mwimbaji mwengine. Na hata Beatles, hili wengi hawalijui, Juni 1964 Ringo, mpiga drams wao, alishikwa na tonsili akalazwa na bendi ikaondoka bila yeye, Denmark, Uholanzi, Hong Kong mpaka Australia, nyuma ya drams kakaa kijana wa kukodi anaitwa Jimmie Nicol. George Harrison, mpiga gitaa wao, alikataa kata kata kwenda bila Ringo wakambembeleza. Mimi George nampenda kwa sababu hiyo peke yake. Na watu walipiga mayowe vile vile.

Siwalaumu. Wallahi siwalaumu, manake mimi mwenyewe nimefanya hivo.

Sijawahi kukuhadithia hili vizuri. Yule ami wa kwenye picha ya ukutani mwenye shati la maua ndie aliyekuwa akipiga besi kwetu, na ndie aliyenipa Led Zeppelin. Mgeni mmoja Mwingereza alimwachia kaseti ya dakika tisini, upande mmoja hiyo albamu ya nne, upande wa pili Pink Floyd, tukawa twaisikiza chumba cha wafanyikazi baada ya shoo, saa saba za usiku, redio sauti ya chini tusije tukasemwa. Yeye alinifundisha kumsikiliza John Paul Jones, akanambia usisikize gitaa, sikiza besi na mguu wa Bonham vile wanavyotembea pamoja kama watu wawili wamebeba kitanda, huyu akikosea hatua wote wamepiga mwamba. Na sisi tukawa hivo. Nilikuwa simtazami, nilikuwa najua tu.

Mwaka 1991 aliugua wiki mbili. Tulimzika Ijumaa baada ya swala, na Jumapili tukapiga shoo, kwa sababu meneja wa hoteli alileta mtu mwengine na akatuambia wageni hawakulipa kuja kutazama msiba. Yule kijana aliyeletwa hakuwa na makosa, noti zote alizijua, nyakati zake sawa. Lakini niliweka mguu kwenye ule wimbo wa kwanza na hapakuwa na mtu upande wa pili wa kitanda. Nilipiga miaka mingine kumi na mbili hivo. Ada ya shule ya dada zako ilitoka hapo na sijuti kuilipa, ila bendi iliisha Ijumaa ile, na mimi nilijua, na wageni wakaendelea kucheza.

Kwa hivyo nikisoma kuwa watu watatu waliokuwa na dunia yote mikononi walisema hapana bila yeye hatupigi, wewe uko huru kuita chati na mauzo, mimi moyo wangu uko pale.

Na wakitaka ushahidi wa sikio, waambie warudi kwenye siku hiyo hiyo yako ya 13 Julai 1985. Siku ile Queen walipoiteka Wembley, wale watatu wa Zeppelin walipanda jukwaani upande wa Philadelphia, Marekani, na drams waliweka watu wawili, Tony Thompson na Phil Collins ambaye alikuwa ametoka kuimba London akapanda ndege ya Concorde kuwahi. Watu wawili, tena mafundi! Ikaharibika vibaya. Baadae DVD ya tamasha ilipotolewa wenyewe walikataa kipande chao kiwekwe. Mwenzako akikuonyesha ile video kama ushahidi kuwa Zeppelin ni wabovu mshukuru, manake amekusaidia.

Halafu kuna tarehe 10 Disemba 2007, ukumbi wa O2 London. Maombi ya tiketi yalifika kama milioni 20 kwa ukumbi wa watu chini ya elfu 20. Na drams alikaa Jason Bonham, mtoto wake, aliyekuwa na miaka 14 babake alipokufa. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ile na anazijua zile nyimbo mpaka makosa yake. Wakapiga Kashmir. Ule wimbo gitaa lahesabu tatu na drams zahesabu nne, zinaachana, zinazunguka, zinakutana tena kila baada ya mapigo kumi na mbili, na mtu wa pwani hilo halimsumbui kwa sababu ametoka tumboni akisikia chakacha, tatu inaivuta mbili tangu arusi ya kwanza aliyobebwa mgongoni. Wewe ulikuwa na miaka minne wakati ule. Video yake tuliitazama pamoja ulipokuwa na miaka tisa, mimi na wewe kwenye mkeka, na Kashmir ilipofika ukaanza kugonga sakafu kwa mikono, mkono wa kushoto tatu, wa kulia nne, hakuna aliyekufunza, nami nilishindwa kukutazama manake macho yalikuwa yashajaa.

Sasa fanya hivi. Usiku wenzako wamelala vaa hedifoni nzuri, si zile za masikio za mia mbili, weka huo wa Headley Grange tangu mwanzo, na usisikize kitu chengine isipokuwa mguu wake. Mara ya pili sikiza mguu pamoja na besi. Kisha uweke Queen wako vile vile, Roger Taylor na Deacon, manake Deacon nae ni fundi haswa na watu humsahau. Ukimaliza kama bado wasema Queen nitakubali kutoka kwako, si kwa wale.

Drams zangu ziko stoo, nimezifunika na ile turubai ya kijani, ngozi ya ngoma ya mguu imepasuka lakini pedali bado nzima nimeitia mafuta juzi. Kaseti ya ami wako iko kwenye kabati. Ukija Idd pitia River Road uniulizie ngozi ya inchi ishirini na mbili ni bei gani, usinunue, niulizie kwanza. Na ukishasikiliza nipigie simu, usitume voisi.

Babako