Kaka, miti ya Babu isikatwe

Salt Lake City, Utah

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kuku wa Mama Mdogo. Za ada nimetuma, zitaingia kwa simu ya shemeji, na sababu unaijua. Za matofali situmi. Vyumba vya kupangisha jengeni upande wa barabarani, si penye miti ya Babu.

Lile neno lako kwenye kikao cha ukoo, kwamba Babu alikuwa mshirikina na miti yake ya dawa inatutia aibu, bado limenikaa kooni. Wewe ukisikia Marekani unadhani watu wamezaliwa na vidonge mkononi. Huku kwa Wamormoni, watu wa dini iliyoanzia hukuhuku Marekani, kulikuwa na mganga wao, Priddy Meeks, mzaliwa wa South Carolina, 1795. Aliingia bonde hili Oktoba 1847, njaa ikawakuta, wakachimba mizizi ya mibigili wakala. Utabibu alijisomea kwenye vitabu vya Samuel Thomson, mkulima wa New Hampshire aliyefundisha kwamba ugonjwa ni baridi iliyoushinda mwili. Kwa hiyo mgonjwa anatapishwa kwa mmea wa lobelia, anapewa pilipili kali arudishiwe joto, anafukizwa mpaka jasho limtoke. Kaka, hiyo si nyungu?

Wala usiseme hawakuwajua madaktari. Waliwajua, ndiyo maana waliwaogopa: Alvin, kaka yake nabii wao Joseph Smith, alifariki 1823 baada ya daktari kumpa kalomeli, dawa ya zebaki. Mitishamba imo mpaka kwenye maandiko yao. Mwaka 1849 Meeks na Willard Richards, mshauri wa kiongozi wao Brigham Young mwenyewe, wakaanzisha Baraza la Afya hapahapa mjini, watu wafundishane dawa. Baadaye Meeks akahamia kusini, Parowan, akaendelea kutibu huko. Alifariki Orderville mwaka 1886. Kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake zimechapishwa, nimezisoma maktaba. Za Babu ziko wapi? Lile daftari la kaki alilochorea majani, nani kalichukua?

Huyo Meeks simtetei kwa kila kitu. Lobelia ikizidi ni sumu, na mimi mgonjwa wangu simpi. Lakini huyo hakuna mjukuu anayemwita mshirikina.

Mimi sijambo. Theluji ipo, kazi ipo. Nimepandishwa, naongoza zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na Wazungu wenyewe wananiita bosi; hilo mwambie Shangazi, maana alisema nimekuja kufua mashuka. Nikitoka asubuhi, natamani tu harufu ya ule mvumbasi wa mlangoni. Uliung'oa nao?

Mama Mdogo anipigie Jumapili. Huyo fundi wa matofali mwambie akurudishie malipo ya awali au mmalizane wenyewe, mimi simo. Na daftari, Kaka, nataka kusikia liko kwa nani.

Mdogo wako