Bega likishatoka mara ya pili, kukanda hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi tunaofunza vijana mpira huku Likoni twaliona kila msimu. Kipa anaruka, anaangukia mkono, bega linatoka. Wenzake wanamshika, mmoja anavuta, likirudi basi imeisha, jioni anapelekwa kwa mkandaji, baada ya muda mfupi yuko uwanjani tena. Halafu linatoka tena na tena mpaka kuna vijana linawatoka wakivua shati tu au wakijigeuza kitandani, na si wachezaji peke yao, mahamali wa soko la Kongowea nao wako hivyo hivyo na mkono ndio riziki yao.

Wazazi wajue hivi. Tundu la bega halina kina, ni kama kisahani, na kinachozuia kichwa cha mfupa wa mkono kisiteleze ni ukingo wa gegedu uliozunguka hilo tundu pamoja na kano zake. Bega karibu kila mara hutokea mbele, na likitoka laung'oa ule ukingo, sasa ukishang'oka mara nyingi haushiki tena pale pake. Kukanda kwatuliza misuli, hakushoni kitu. Daktari wa London kwa jina Bankart aliyaandika haya tangu 1923 na jeraha lenyewe laitwa kwa jina lake mpaka leo, lakini huku kwetu kijana bado aambiwa ni baridi imeingia.

Na huyu wa chini ya miaka 20 ndiye wa kuogopewa zaidi, bega lake likitoka mara moja uwezekano wa kurudia ni mkubwa kushinda wa mtu mzima.

Dawa ipo. Daktari wa mifupa anatoboa vitundu vidogo, anaingiza kamera, anaurudisha ukingo kwenye mfupa na kuufunga kwa nyuzi zilizoshikiliwa na vipini vidogo vidogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Shida ni kuchelewa. Kila bega likitoka mfupa nao walika, na ukishapotea kiasi cha robo ya upana wa tundu ile opareshoni ya kamera peke yake mara nyingi haitoshi, yabidi kipande cha mfupa wa jirani kikatwe kipandikizwe pale mbele, na hiyo ni kazi kubwa zaidi. Sisemi kila mtu akapasuliwe, wako wanaotulia kwa mazoezi, hasa watu wazima, ila uamuzi huo si wa mkandaji wala si wangu mimi kocha.

Jamani pia tuache kuvutana mabega uwanjani, pengine mfupa umevunjika au mshipa wa fahamu umebanwa, eksrei kwanza.

Ombi langu kwa kaunti: kijana akirudishwa bega hospitali za umma asipewe panadol na kamba ya shingoni tu, aandikiwe barua ya kumuona daktari wa mifupa. SHA, wale wa bima ya afya ya serikali, nao watutangazie wazi wanalipa kiasi gani kwa opareshoni hii na kwa picha yake ya emarai (MRI). Na wasisahau fiziotherapi, maana baada ya kushonwa mkono wafungwa wiki 4 mpaka 6, mazoezi miezi kadhaa, na mpira wa kugongana yataka kama miezi 6, mtoto wa Mtongwe atalipiwa na nani nauli na ada ya miezi yote hiyo?

Kocha wa vijana,
Likoni, Mombasa