Stelingi yako ina upepo, usiongeze oili kwanza

Nahodha wangu, za huko Kilindoni, Mafia, wazee hawajambo? Nimeisikia voisi yako nikaona bora nikuandikie tu maana hii kazi nikikueleza kwa simu halafu mtandao ukakatika katikati utafunga nipo, ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye silinda, pale ilipotakiwa kufunguliwa, kisha lawama zije kwangu.

Kwa ulivyosema, usukani wa boti unazunguka mwingi mashine ndo ianze kugeuka, ukiukaza hadi mwisho halafu ukauachia unarudi wenyewe kidogo, na mkononi unasikia kama unakanda unga. Huo ni upepo ulioingia kwenye oili ya stelingi mwanangu, wala usihangaike kufungua pampu ya nyuma ya usukani. Oili haibanwi, upepo unabanwa, kwa hiyo nguvu yako inaishia kuminya upepo badala ya kuisukuma silinda ya nyuma inayogeuza mashine, na ukiachia ule upepo unatanuka unakurudishia usukani. Basi.

Sasa kabla hujagusa spana nikuulize, oili imeenda wapi? Maana ule mfumo umefungwa, hauli oili kama mashine inavyokula petroli. Upepo umeingia kwa sababu oili imepungua, na imepungua kwa sababu kuna mahali inatoka, na mimi ninachogombana nacho na nyie manahodha ni hiki cha kuweka kichupa chini ya kiti mkawa mnaongeza kila wiki mnasema imepona. Haijapona hiyo. Chukua tishu kavu, futa kabisa sehemu tatu: nyuma ya pampu pale mipira miwili inapofungwa, shingo ya usukani pale shafti inapotokea, na ncha zote mbili za silinda pale fimbo inayong'aa inapoingia na kutoka. Halafu mtu azungushe usukani kulia kushoto mpaka mwisho na aukaze, wewe pitisha tishu mpya. Ikilowa kwenye nati za mipira ni kukaza au kubadilisha kiungo, ikilowa kwenye fimbo ni sili, zile pete za kuzuia oili isitoke, zimekwisha. Na kwa boti inayolala juani na maji ya chumvi kama yako mimi naweka dau kwenye sili, chumvi inakauka kwenye fimbo inakuwa vichenga vichenga, kila ukikata kona vinakwangua sili. Waambie vijana wakimaliza safari wamwage maji baridi yasiyo na chumvi pale wafute, ni dakika mbili tu ila hawataki.

Halafu tajiri wako asikudanganye na mafuta ya breki. Najua ataleta, matajiri wote wanaleta, kwamba si haidroliki tu yote. Mafuta ya breki yanaharibu zile sili, zinavimba zinakuwa laini, mwisho unanunua pampu na silinda. Tumia oili ya stelingi za boti, ile nyepesi, kwenye chupa itakuwa imeandikwa ISO 15 au namba ya karibu na hapo, na angalia kitabu cha hiyo stelingi kama bado unacho. Mfumo mtupu kabisa unakula kama lita mbili kwa silinda moja, wewe wa kwako si mtupu lakini kuwa nazo zote mbili mkononi, kwa sababu kitu kibaya kuliko vyote ni kuishiwa oili katikati ya kazi, pampu ikanyonya upepo upya mkaanza moja.

Kazi yenyewe inataka watu watatu, wawili wanaweza ila watagombana. Mmoja usukani, mmoja huku tezi, nyuma ya boti, kwenye silinda, mmoja wa chupa. Mashine ishushe, boti ikae sawa, omo, yaani mbele ya boti, isiinamie chini, maana unataka pale kwenye usukani ndo pawe juu kuliko pengine pote. Fungua ule mfuniko mdogo juu ya pampu, funga pale mpira wa kujazia na chupa ya oili uigeuze kichwa chini, halafu toboa kitobo kidogo na pini kwenye kitako cha chupa. Usipotoboa chupa inajikunja haishushi. Iache kwanza, utaona mapovu yanapanda juu ndani ya chupa, subiri mpaka yaishe, msiwe na haraka.

Hapa sasa ndo pa kusoma mara mbili. Zungusha usukani kulia taratibu mpaka mwisho. Ile fimbo itakuwa imechomoza ndefu upande wa kulia wa silinda. Upande fimbo ilikochomoza ndo upande wa nipo unayofungua, shika hilo tu. Vaa mpira mweupe wa kuonesha kwenye nipo ya kulia, mwisho wa mpira uwe ndani ya chupa tupu, fungua kama nusu mzunguko. Mtu wa tezi aizuie mashine kwa mkono isitembee, fimbo isirudi ndani, si nguvu nyingi kwa kuwa nipo iko wazi. Wa usukani azungushe kushoto, pole pole, akizungusha kwa fujo oili inatoa povu na mnajitengenezea upepo wenyewe. Kwanza itatema, psh psh, mapovu makubwa, baadae inakuja nyeupe kama maziwa, baadae inatoka safi mfululizo. Ikishatoka safi hata povu moja huoni, FUNGA NIPO HUKU USUKANI BADO UNAZUNGUKA. Nimeandika kubwa makusudi. Akisimama kwanza ndo ufunge, upepo unanyonywa kurudi ndani na kazi yote bure, wengi wanakosea hapo hapo halafu wanasema silinda mbovu.

Mkimaliza huo endelea tu kuzungusha kushoto mpaka mwisho, fimbo ichomoze upande wa pili, fungua nipo ya kushoto, zuia mashine, sasa usukani kulia, mpaka safi, funga ukiwa unazunguka. Muda wote huo wa chupa macho yake yasitoke kwenye chupa, ikibaki robo apige kelele mfunge nipo abadilishe. Rudieni pande zote mbili hata kama mnaona iko safi, upepo unajificha kwenye vile viungo vya mipira na raundi ya pili ndo unautoa.

Kujua kama umekwisha usitumie mkono peke yake. Toa chupa, acha oili chini kidogo ya mdomo wa tundu, usijaze mpaka juu kabisa inahitaji nafasi ya kutanuka jua likipiga. Kaza usukani mpaka mwisho na uzidi kuukandamiza huku mwenzio anamulika tochi ndani ya tundu. Oili ikishuka kwa kuonekana, bado kuna upepo. Ikituama, umemaliza. Jaribu kulia na kushoto. Na hesabu mizunguko kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine uandike mahali, siku ikiongezeka utajua mapema kabla hujafika baharini.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye pampu hata yakionekana mazuri, yana mapovu na uchafu, wala usimwage kwenye ngama, kule chini ya boti maji yanakotuama, ukaja kuyapiga baharini pampu ya maji ikiwaka, nyie mnaishi kwa kupeleka wageni kwa papa potwe hapo.

Na kuhusu wale wageni wa Jumamosi, mimi ningekuwa wewe nisingetoka na hiyo stelingi hata bahari ikiwa shwari. Unapeleka watu wanaruka majini karibu na papa, propela iko nyuma, halafu mashine inachelewa kukusikiliza? Na siku ukipita mlango wa bahari wa Kinasi maji yakiwa yanatoka, pale ule mkondo haukungojei uzungushe usukani mara mbili. Mwambie tajiri akodi boti ya faiba ya jirani kwa siku hiyo, akinuna anune.

Nitumie picha ya nyuma ya pampu na picha ya silinda niyaone maandishi, nijue ni sili zipi. Nikizipata hapa Dar nakupakilia kwenye basi la Nyamisati, pale boti za kuja Mafia zinapoondokea, mwambie kijana wako awe anapokea simu siku hiyo, mara ya mwisho mzigo ulilala gatini mpaka asubuhi.

Nisalimie nyumbani, na yule mzee wa pweza mwambie deni lake nalikumbuka.

Fundi wako